Vifungo vya Koti Dogo

Tuliingia uani kwa Thibodeau, nje kidogo ya Lewiston,
wanawake wanne, buti pea nne, matope ya Aprili,
theluji ya mwisho imejibanza nyuma ya banda
kama mdaiwa.
Mwavita kashika bahasha. Ndani yake misimu mitatu
ya mchicha, bamia na mahindi meupe
tuliyouza Jumamosi kwa mizani ya kuazima.

Tuliyoitaka ilisimama pembeni,
rangi ya chungwa, fupi,
ningeipangusa vumbi yote bila kupanda kitu.
Nikasema moyoni: hii cha mtoto.
Kisha nikasoma kibandiko.
Elfu ishirini na mbili.
Kando yake jitu la nguvu farasi hamsini:
elfu thelathini na moja.

Nikamwambia mzee, kwa Kiingereza changu chenye viraka,
"Hii ni nusu ya ile. Basi na bei iwe nusu."

Leland Thibodeau hakucheka.
Alijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono,
akainua boneti.
"Hesabu," akasema.

Radieta moja; na kule moja.
Pampu moja; na kule moja.
Usukani, kiti, breki, taa mbili,
upinde wa chuma wa kukulinda ikipinduka.
"Chuma kimepungua, kweli,
lakini chuma ndicho kitu rahisi humu ndani.
Aliyekaza bolti hii alitumia dakika ileile.
Na moshi! Serikali inataka moshi safi,
na aliyekesha kuusafisha huu
halipwi kwa kilo."

Riziki akauliza wanunuzi ni akina nani.
"Wenye nyasi," akajibu.
Watu waliokimbia mji, wana ekari mbili na pensheni.
Hao hawaulizi.

Na iliyotumika je?
"Miaka kumi, elfu kumi na saba. Hazifi hizi.
Kisichokufa hakishuki bei."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama Selestini.
Mwezi jana, mbele ya cherehani yangu,
koti la mtoto wa miaka mitatu mkononi:
"Kitambaa hakifiki mita, unanitoza kama la mtu mzima?"
Nikamwambia pindo ni pindo,
tundu la kifungo ni tundu,
sindano haijui urefu wa mtoto.
Tena kola ndogo ndiyo inayonitoa jasho:
vidole hivi vinene, mahali padogo vile.
Aliondoka amenuna, koti akaliacha.
Na leo mimi nimesimama pale aliposimama yeye,
nimenuna vilevile,
na anayenijibu ana maneno yangu kinywani.

Lakini Sifa hakuwa amenuna.
Sifa alishika daftari la kikoba Uvira, miaka tisa,
na macho yake yalikuwa juu ya bango:
RIBA SIFURI, MIAKA MITANO.
"Tukilipa taslimu?" akauliza.
Mzee akatazama matope.
"Elfu mbili zinashuka."
Basi ile sifuri yao ina tumbo,
na mimba ni ya nani, tunajua.

Mwavita akafungua bahasha, akahesabu kwa kidole kilicholoa mate.
Elfu kumi kamili.
Tulikuwa na nusu
ya kitu kisichouzwa nusu.

Njiani hatukusema mengi.
Riziki alisema ataulizia jembe la kukokotwa na pikipiki,
tukacheka, halafu tukaacha kucheka
kwa sababu hakuwa anatania.

Usiku nikalitoa lile koti kwenye msumari.
Vifungo vitano. Vinne tayari.
Nikashona cha tano, nikakata uzi kwa meno,
nikampigia Mama Selestini.
Sikumpunguzia hata senti.
Nilimwambia koti liko tayari,
alipe mara mbili, leo na mwisho wa mwezi,
bei ileile,
bila sifuri.